Usiku Una Wenyewe



Panapotajwa muziki wa usiku, sisi wazazi na walezi huwa na jibu kabla swali halijaulizwa: usiku ni wa kulala, na atembeaye usiku hukutana na ya usiku. Ninyi nanyi mna jibu lenu, ingawa wengi hulisema kimoyomoyo: ujana ni mara moja. Mazungumzo hufia hapo, kila upande ukiondoka na ushindi wake mdogo. Leo nawaalika tuyafufue kwa kuutazama mji mmoja wa kale wa Ulaya ambao umelazimika kulijadili jambo hili hadharani, yaani Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kipande cha historia ya nchi yetu kilipigiwa gitaa huko. Tena, ugomvi wa huko kati ya wachezao na walalao unafanana sana na ule wa mitaa yetu.

Maoni yangu nayatanguliza. Usiku wa muziki haustahili kupigwa marufuku, wala haustahili kuachwa ujiendee wenyewe. Usiku una wenyewe watatu: anayepiga muziki, anayelala jirani, na aliyekuja kusikiliza, ambaye lazima arudi kwao salama. Mji unaomsahau mmoja wao hatimaye huwapoteza wote watatu.

Tuanze na anayepiga. Mgeni anayefika Bruxelles mchana huoneshwa mawe. Huoneshwa Grand-Place, uwanja uliobomolewa na mizinga ya Wafaransa mwaka 1695, ukajengwa upya, na mwaka 1998 ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini hatua chache kutoka uwanja huo, kwenye barabara ya Anspach, kuna urithi mwingine unaoamka jua likitua: ukumbi wa Ancienne Belgique, walikopata kuimba Jacques Brel na Édith Piaf. Ukumbi huo ulifilisika mwaka 1971, na ungeweza kugeuka ghala au duka. Wakuu wa jamii ya Waflamandi wakaununua, ukafunguliwa tena mwaka 1979, na leo unapokea watu wapatao 2,000 kwa usiku mmoja. Nao Wabelgiji wazungumzao Kifaransa, mwaka 1984, walizitwaa nyumba za vioo za bustani ya kale ya mimea, iliyofunguliwa mwaka 1829, wakazifanya kituo cha utamaduni na muziki kiitwacho Botanique. Jamii hizi mbili zina mabishano ya miaka mingi juu ya lugha. Hata hivyo, kila moja iliona kwamba heshima yake katika mji mkuu ingekuwa pungufu kama isingekuwa na mahali pa kuimbia.

Tena kuna vile vijumba vidogo. Archiduc, uliofunguliwa mwaka 1937, ni baa ambayo hadi leo mgeni hubonyeza kengele ndipo afunguliwe mlango. Mpiga piano Stan Brenders aliinunua mwaka 1953, na jazi ikawa imepata nyumba. Katika mtaa wa Marolles, uliokuwa mtaa wa watu wa hali ya chini, alizaliwa mwaka 1922 Jean Thielemans, aliyejulikana kwa jina la Toots. Wazazi wake walikuwa na mkahawa mdogo wa vinywaji, na mtoto huyo alianza kuchezea kodiani humo angali mdogo sana. Baadaye kinanda chake cha mdomo kilimfikisha Marekani akapiga pamoja na mabingwa wa jazi, na mwaka 2001 mfalme wa Ubelgiji akampa cheo cha baroni. Mimi ni mwalimu kwa mafunzo, nami napenda kuuliza kila bingwa alisoma wapi. Chuo cha kwanza cha Toots kilikuwa chumba cha wateja chenye moshi na kelele. Kumbi kubwa huonesha wanamuziki walioiva. Wanakoivia ni katika vijumba vidogo, mbele ya watu thelathini ambao wengine hata hawasikilizi. Kijumba kama hicho kikifungwa, hakuna gazeti linaloandika. Hasara yake huonekana miaka ishirini baadaye, mji unapojiuliza mbona hauna tena waimbaji wake.

Sisi Wakongo tuna ushahidi wetu wenyewe. Januari 1960 viongozi wetu walikutana Bruxelles na serikali ya Ubelgiji katika mkutano wa Meza ya Duara. Thomas Kanza akaona kwamba wanasiasa peke yao hawatoshi, akawaita wanamuziki: African Jazz ya Joseph Kabasele, tunayemwita Grand Kallé, akiwamo mpiga gitaa Nico Kasanda, pamoja na watu wa OK Jazz kama Vicky Longomba. Walipiga katika hoteli ya Plaza, na katika siku zilezile ukazaliwa wimbo Indépendance Cha Cha. Mchana wajumbe walibishana. Usiku wanamuziki waliyachukua majina ya viongozi na ya vyama vyao, wakayapanga katika wimbo mmoja. Tarehe ya uhuru, 30 Juni 1960, iliamuliwa mezani. Lakini furaha yake ilivuka mipaka ya Afrika ikiwa imepanda mgongo wa rumba. Basi anayesema kwamba muziki wa usiku ni upuuzi mtupu, na atueleze wimbo ule tuuweke wapi.

Mbegu ile haikufa. Karibu na Porte de Namur uko mtaa ambao wenyewe wameuita Matonge, kwa jina la mtaa wa Kinshasa, na tangu mwaka 2018 pana uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba. Humo kuna nganda ambamo mtu aliye mbali na kwao hula pondu na kusikia lugha ya mama yake. Kwa mwanafunzi aliyekaa wiki nzima bila kuitwa kwa jina lake, saa mbili katika nganda huweza kuwa dawa.

Hadi hapa nimemsemea anayepiga. Sasa tumsikilize anayelala.

Katika mtaa uleule wa Marolles, kwenye barabara ya Blaes, kuna ukumbi wa dansi uitwao Fuse, uliofunguliwa mwaka 1994. Januari 2023 ukumbi huo ulitangaza kwamba unafunga milango. Kulikuwa na malalamiko ya jirani, na ofisi ya mazingira ya mkoa wa Bruxelles iliamuru sauti isizidi desibeli 95 na muziki ukome saa nane usiku. Wenye ukumbi wakasema kwamba ukumbi wa aina yao hauwezi kuishi kwa masharti hayo. Mji mzima ukagawanyika. Wengi walimlaumu jirani: mbona alikuja kukaa karibu na ngoma ambayo ilikuwapo kabla yake? Baada ya wiki chache wakuu wa mkoa walipatana na wenye ukumbi, wakawapa muda wa kutafuta suluhisho la kudumu, na milango ikafunguliwa tena. Mwaka huohuo mkoa uliutambua utamaduni wa kumbi za dansi za Bruxelles kuwa sehemu ya urithi wake usioshikika.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayekuja ili mwenyeji anyamaze ni mgeni wa namna nyingine. Hata hivyo siwezi kumcheka jirani yule. Usingizi si anasa. Muuguzi anayeamka saa kumi alfajiri, mtoto mwenye homa, mzee ambaye moyo wake umechoka, hao wote wana haki ambayo haipungui kwa kuwa wamehamia juzi. Neno "mimi nilitangulia" ni hoja, lakini haliwezi kuwa hoja pekee.

Uingereza imejaribu kulitatua fumbo hili kwa kanuni iliyoingizwa katika mwongozo wake wa mipango miji mwaka 2018: anayeleta badiliko ndiye anayegharimia kinga. Anayejenga nyumba za kukaa karibu na ukumbi wa kale atie kuta nene na madirisha ya kuzuia sauti. Naye anayefungua ukumbi katikati ya nyumba za watu afanye vivyo hivyo. Kwangu mimi hiyo ni haki inayoeleweka hata kwa mtoto. Ningeongeza jambo moja tu. Nyumba nyingi za miji ya kale zilijengwa kabla ya spika za umeme, na ukumbi maskini hauwezi kubeba peke yake gharama ya kuta mpya. Mji unaojisifu kwa muziki wake na uchangie matofali.

Bruxelles yenyewe ina sheria nyingine ya kuigwa, inayotumika tangu Februari 2018. Kila mahali panapokaribisha watu na kupaza muziki kwa mitambo panapangwa katika daraja tatu: hadi desibeli 85, hadi 95, na hadi 100. Kadiri sauti inavyopanda, ndivyo wajibu unavyoongezeka: kuwaonesha watu kipimo cha sauti, kuwapa bure vizibo vya masikio, na katika daraja la juu kuwatengea mahali pa kupumzisha masikio. Sheria hiyo haisemi muziki ni mbaya. Inasema sikio lililoharibika haliponi, na kijana ana haki ya kulijua hilo kabla ya kuingia.

Mwenyewe wa tatu ni yule aliyekuja kusikiliza. Oktoba 2021, katika manispaa ya Ixelles, wanawake walianza kusema kwa sauti yale waliyoyanyamazia: kutiwa dawa katika vinywaji, kisha kushambuliwa. Wimbi hilo, lililoitwa Balance Ton Bar, lilivuka mipaka ya Ubelgiji, na mwezi Novemba vijana walisusia baa za Bruxelles usiku mmoja mzima. Kumbukeni kwamba kumbi za dansi zilikuwa zimefunguliwa tena mwezi uleule wa Oktoba, baada ya kufungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona. Vijana walikuwa na njaa ya dansi ya mwaka mmoja na nusu. Hata hivyo walikubali kuikosa tena usiku mmoja, ili wenzao wa kike wasikilizwe. Hao wameniongezea heshima kwa vijana wa mji ule kuliko umaarufu wa ukumbi wowote.

Maana kipimo cha kweli cha ukumbi hakiko jukwaani. Kiko mlangoni saa tisa usiku. Je, msichana anatoka na akili zake? Je, kuna anayemwangalia? Bruxelles ina mabasi ya usiku, Noctis, usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Basi hilo ni sehemu ya muziki sawa na gitaa, kwa sababu wimbo mzuri unaomwacha msikilizaji gizani, bila njia ya kurudi, haujamalizika vizuri.

Sasa turudi kwetu. Mitaa yetu haina ofisi ya kupima desibeli inayofika kila Jumamosi. Hilo halituzuii kuanza. Tumezoea kuzielekezea baa kidole, nasi tunasahau kwamba spika za mkesha wa maombi nazo hupenya ukuta wa jirani. Mgonjwa anayekosa usingizi haulizi kama kelele ni za rumba au za zaburi. Tukitaka mwenye baa apunguze sauti saa nne usiku, kipaza sauti chetu kitangulie kupungua. Na tukitaka vijana wasipotelee mahali pabaya, tusiwape katazo tupu. Tuwape ukumbi: chumba cha parokia chenye gitaa mbili, ngoma moja, watu wazima wawili waaminifu mlangoni, saa ya kufunga inayojulikana, na mpango wa kuwasindikiza wasichana hadi kwao.

Kikundi chenu kinaweza kufanya jambo moja mwezi huu. Chagueni mahali pamoja pa muziki katika mtaa wenu, pawe pa dansi au pa sala. Mwendeeni anayepiga, mwulizeni anahitaji nini ili aishi kwa kazi yake. Mgongeeni jirani mlango, mwulizeni analala saa ngapi. Kisha waulizeni wasichana wa kikundi, bila kuwakatiza, kama hurudi kutoka hapo bila hofu. Yaandikeni majibu yote matatu kwenye karatasi moja. Mtakapokuja kuniambia kama muziki wa usiku ni mwema au ni mbaya, njoni na karatasi hiyo.