Mpe Mfuko, Mwachie na Uso Wake



Ramadhani inatuaga na sote tumo mbioni. Huku Unguja mwenye watoto anatafuta nguo za sikukuu, na mabiharusi wetu wa Mfungo Mosi wanahesabu siku za singo na hina. Katika pirika hizi nina jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana, leo naomba niliseme.

Mwaka jana kumi la mwisho lilinikuta Dar es Salaam, Mbagala huko Temeke, nimekwenda kumtazama mama yangu mdogo. Jirani yake ni mjane mwenye watoto wanne, anauza chapati na maharage asubuhi. Mnajua biashara ya mama lishe inavyolala mwezi huu. Mchana hakuna mlaji, na jioni akikaanga bagia, mtaa mzima nao unakaanga. Nani atamnunua nani?

Siku moja alasiri likaja gari limejaa mifuko: mchele, sukari, unga wa ngano, mafuta, tende. Watu wakashukuru. Kisha likafunguliwa bango, kamera ikatolewa, na akina mama wakapangwa mstari juani na saumu zao. Kila mmoja akaitwa kwa jina, akashikishwa mfuko, akaambiwa atazame kamera. Jirani yetu alijifunika uso kwa upande wa kanga. Akaambiwa, "Mama, fungua uso, waliochanga wanataka kukuona." Akafungua.

Kabla ya Isha picha ilishafika kwenye simu za mtaa mzima. Binti yake wa sekondari aliletewa na mwenzake, huku anachekwa. Usiku ule mama yule alikuja uani kwetu, akamwambia mama mdogo, "Dada, mchele tumeula, alhamdulillah. Lakini mwanangu leo hataki kunitazama."

Sisemi kwamba waliotoa walikuwa na nia mbaya. Nia anaijua Allah, na watoto wale walilala wameshiba. Ninachosema ni kwamba tumezoea kumlipisha fukara. Hatumlipishi pesa, tunamlipisha uso wake. Na uso ndiyo mali pekee aliyobaki nayo.

Katika Suratul Baqara, aya ya 271, tunafundishwa kwamba sadaka ya hadharani ni njema, lakini kumfikishia fukara kwa siri ni bora zaidi. Aya ya 264 inatuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na udhia. Tunadhani masimango ni maneno tu. Picha inayozunguka kwenye simu za watu mwaka hata mwaka, hiyo si simango? Tena Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitutajia watu saba watakaopata kivuli siku isiyo na kivuli ila cha Allah. Yumo aliyetoa kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue alichotoa wa kulia. Sisi tunaujulisha wa kushoto, wa kulia na Instagram nzima.

Najua mtaniambia waliochanga wanataka ushahidi. Ni haki yao, pesa ya watu ni amana. Basi piga picha magunia yakiwa dukani, piga picha risiti, andika umenunua kilo ngapi na zimefika nyumba ngapi. Imamu wa msikiti wa mtaa au mjumbe athibitishe kwamba vimefika. Kuna hesabu gani hapo inayohitaji sura ya mjane?

Na kuna hasara nyingine hatuioni. Mstari wa kamera unawakosa wanaohitaji zaidi. Mwenye eda hatoki kwenda kusimama barabarani. Anayemuuguza mama yake kitandani hatoki. Na wapo wale wa aya ya 273, ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Pale Tandale, Mwananyamala, Tandika, Yombo, nyumba ya kupanga ina vyumba vingi, na chumba kimoja kati ya hivyo hakijawasha jiko siku mbili. Wapangaji wenzake ndio wanaokijua. Sisi wa visiwani karibu kila mmoja ana shangazi, wifi au shoga katika mitaa hiyo. Mpigie, muulize kwa siri nani amekwama. Halafu tuma kwa simu, na uweke na ya kutolea. Pesa ina heshima yake, kwa sababu mama ataamua mwenyewe kama shida yake ni mkaa, dawa au viatu vya mtoto.

Fitri nayo tusiisubirishe mpaka alfajiri ya Idi. Ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, kama kilo mbili na nusu hadi tatu za mchele, na inatakiwa itoke kabla ya sala ya Idi. Katika madhehebu yetu ya Shafi inajuzu kuitoa tangu Ramadhani inapoingia. Ikimfikia mapema, mama atajua Idi atapika nini, na vijisenti vyake atavipeleka kwenye nguo za watoto.

Nanyi mabiharusi wangu, msidhani hili haliwahusu. Tumefundishwa kwamba chakula kibaya kabisa ni cha walima wanaoalikwa matajiri wakaachwa mafukara. Punguza sare moja tu, ile utakayoivaa saa mbili na kuikunja. Pesa yake peleka nyumba mbili tatu kabla ya siku yako, kimya kimya. Hata mpiga picha wako asijue. Dua ya mjane aliyestiriwa ni zawadi ambayo hakuna shoga atakayekuletea kwenye begi.

Mimi mwaka huu nimejiwekea sharti moja: kabla sijamkabidhi mtu mfuko, simu inaingia kwenye mkoba.

Allah atutakabalie saumu zetu na sadaka zetu, na atustiri kama tunavyowastiri waja wake. Amin.