Wakongwe wa rock na plebaki: mwenye tiketi analipia sauti gani?

Mwezi Juni 2022, mjini Antwerp nchini Ubelgiji, mpiga ngoma wa kundi la Kiss alipotea katika mdundo. Kosa la namna hiyo humpata mwanamuziki yeyote. Lakini katika video iliyosambaa baada ya tamasha, ngoma zinayumba huku sauti ya mwimbaji Paul Stanley ikiendelea na njia yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mashabiki wengi walihitimisha kwamba sauti ile haikuwa ikitoka kooni.

Stanley, aliyezaliwa 1952, alikuwa na umri wa miaka 70, katikati ya ziara ya kuaga iliyoanza 2019 na kumalizika New York tarehe 2 Desemba 2023. Meneja wa kundi, Doc McGhee, alipoulizwa baadaye kuhusu jambo hilo, hakulikana moja kwa moja. Alieleza kwamba Stanley anaimba kila wimbo, ila anaimba pamoja na sauti zilizorekodiwa ili watu wasikie nyimbo jinsi zinavyotakiwa kusikika. Kinachochekesha ni kwamba mwenzake Gene Simmons, mwanzilishi wa kundi hilohilo, mwaka 2015 aliwashutumu wasanii wanaotoza dola 100 kisha kutegemea sauti za kanda, akitaka tiketi ziseme wazi ni sehemu gani ya onyesho imerekodiwa.

Plebaki ya siku hizi si ile ya kuweka kanda na kuchezesha midomo tu. Mpiga ngoma husikia masikioni mdundo wa kuhesabia ambao watazamaji hawausikii. Kompyuta hufuata mdundo huohuo na kutoa vinanda, waitikiaji, na mara nyingine sauti ya mwimbaji mwenyewe iliyorekodiwa zamani. Fundi wa sauti anaweza kuipandisha pale noti ya juu inapofika na kuishusha wimbo unaporudi chini. Mwimbaji anaweza kuwa anaimba kweli, lakini anayesikika si yeye peke yake. Kila kitu kikienda sawa, mtu wa safu ya nyuma hatambui lolote. Mpiga ngoma akiteleza, kompyuta haimsubiri.

Nyuzi za sauti huzeeka kama misuli mingine. Hukonda, hupoteza unyumbufu, na hazifungi vizuri kama zamani. Pumzi nayo hupungua. Nyimbo za rock za miaka ya 1970 na 1980 ziliandikwa na vijana wa miaka 25 waliopenda kupiga kelele juu kabisa, bila kufikiria kwamba wangedaiwa noti hizohizo wakiwa na wajukuu. Mwimbaji wa rumba anaweza kuzeeka polepole ndani ya wimbo wake. Wa rock hawezi kuficha kirahisi, maana shabiki anaisubiri noti ile moja.

Kwa nini basi wasipumzike? Fedha ni sehemu kubwa ya jibu. Mauzo ya diski yalipoporomoka, ziara ndiyo ikawa shamba la mavuno. Nyuma ya mwimbaji mmoja mna mafundi, madereva, walinzi na wakodishaji wa viwanja, na jioni moja ikifutwa wote wanaguswa. Tena kila simu uwanjani ni kamera: noti iliyovunjika saa tatu usiku huonekana duniani kote kabla ya usiku wa manane.

Hata hivyo, wapo waliochagua njia nyingine. Steven Tyler wa Aerosmith aliumia koo Septemba 2023, na mwezi Agosti 2024 kundi lake likatangaza kwamba halitafanya ziara tena. Jon Bon Jovi alifanyiwa upasuaji wa uzi mmoja wa sauti mwaka 2022, akakaa muda mrefu akisema hatarudi barabarani hadi aiamini sauti yake. Ozzy Osbourne, mgonjwa wa Parkinson, aliaga Birmingham tarehe 5 Julai 2025 akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi. Sauti ilikuwa ya mzee, na uwanja mzima ulijua hivyo. Siku 17 baadaye alifariki akiwa na miaka 76.

Hapa Congo, swali hili halisikiki kwa namna hiyohiyo. Kwenye televisheni plebaki ni jambo la kila siku, na halimkeri mtazamaji kwa sababu hakulipa kiingilio. Jukwaani, muundo wa orkestra wenyewe humbeba mzee: chifu wa kundi huimba sehemu yake, waimbaji vijana wakapokea, atalaku akachangamsha huku yeye akivuta pumzi. Msaada upo, ila una uso na jina, na unaonekana. Papa Wemba alipoanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akiwa na miaka 66, alikuwa katikati ya wanamuziki na wachezaji wake, na kwa muda mfupi wachezaji waliendelea kucheza kabla ya kutambua kwamba kiongozi wao yuko chini.

Baadhi ya serikali zimejaribu kuingilia. Turkmenistan ilipiga marufuku plebaki mwaka 2005, amri ya mtawala aliyependa kupiga marufuku mambo mengi. Pendekezo lililokuwa na akili zaidi lilitoka Australia mwaka 2009, baada ya malalamiko kuhusu maonyesho ya Britney Spears: waziri mmoja wa jimbo la New South Wales alitaka tiketi ziwe na onyo pale sauti inaporekodiwa kabla. Hakutaka kumzuia msanii, alitaka mnunuzi ajue. Ni hoja ileile ya Simmons.

Na ushahidi kwamba ukweli haufukuzi wateja uko London, ambako tangu Mei 2022 watu wanajaza ukumbi kutazama ABBA wa kompyuta. Wanne wenyewe hawapo jukwaani, jambo hilo linajulikana tangu dirisha la tiketi, na hakuna anayedai kurudishiwa fedha. Kiss wameifuata njia hiyo. Usiku wa mwisho New York, baada ya wanamuziki kuondoka jukwaani, mifano yao ya kompyuta ilijitokeza kwenye skrini na kutangaza kwamba kundi litaendelea bila wao. Watakaonunua tiketi za maonyesho hayo watajua mapema kwamba koo la Stanley halimo.