Ndoto ya Kifo Si Hati ya Mashtaka

Tunaandika haya kutoka Shumba, kaskazini mwa Pemba, ambako sisi Wakristo tu wachache mno. Wengi wetu tuliletwa huku na kazi: ualimu, uaskari, biashara ndogondogo. Tunasali majumbani kwa zamu. Katika uchache huo jambo la mmoja halifichiki, na ndiyo maana tunajua vizuri jinsi ndoto moja ilivyoivunja nyumba ya dada yetu mmoja.

Dada huyu aliota mwanawe amelazwa mkekani, amefunikwa shuka jeupe, na bibi yake mtoto, mama mzaa baba, ameketi kichwani pake kimya. Akaamka anatetemeka. Asubuhi hakuja kwetu. Alimpigia simu mhubiri mmoja anayemsikiliza redioni. Mhubiri hakuuliza mtoto anaendeleaje. Aliuliza ni nani aliyekuwa ameketi kichwani. Alipotajiwa, kesi ikaisha: bibi ndiye anayemtaka mtoto, na ili mauti hayo yakatwe itumwe sadaka kwa simu kabla jua halijazama. Fedha ya mwani wa bamvua mbili ikaenda. Bibi, aliyekuwa akimlea mtoto huyo kila mama anaposhuka pwani, akafungiwa nguo zake na kupandishwa meli arudi kwao Tanga.

Mtoto yu hai. Wapo watakaosema, si mmeona, sadaka imefanya kazi. Tunachoona sisi ni mtoto anayeuliza kila jioni bibi atarudi lini, na mama asiye na jibu la kumpa.

Hatusemi kwamba ndoto ni upuuzi. Biblia haituruhusu kusema hivyo. Mwokaji wa Farao aliota vikapu vitatu, na siku ya tatu akatundikwa (Mwanzo 40). Lakini hebu tumtazame Yusufu alivyofanya kazi ile. Alianza kwa kusema kwamba tafsiri ni za Mungu, akamweleza mtu yule ukweli mchungu usoni pake, na hakumtajia jirani wala ndugu wa kumchukia. Danieli naye, alipoitwa na Belshaza kusoma maandishi ya ukutani, alimwambia mfalme abaki na zawadi zake, kisha akasoma (Danieli 5). Sasa mtu anayetaka kulipwa kabla jua halijazama amejifunza kwa nani? Tunamwona akitajwa katika Ezekieli 13, ambapo Mungu anawakemea wale wanaotabiri kwa malipo ya konzi za shayiri na vipande vya mkate, wakiziua roho zisizostahili kufa. Siku hizi shayiri hutumwa kwa simu, basi.

Wahubiri hawa hupenda kutujibu kwa Ayubu 33, kwamba Mungu husema na mtu katika ndoto ili kuiokoa nafsi yake na shimo. Ni kweli, imeandikwa. Ila waendelee kusoma mpaka mstari wa 17. Onyo lile huja ili mtu mwenyewe aache tendo lake na kiburi chake. Anayeonywa ni aliyelala. Hatujaona katika sura ile mahali ambapo aliyelala anaamka na kumwonya mama mkwe. Ndoto ya kifo ikikushtua, uliza kwanza umegombana na nani hujapatana naye, deni gani hujalipa, mgonjwa yupi hujamtazama. Hezekia hakuambiwa kwa ndoto. Nabii Isaya alimjia wazi kwamba atakufa. Akageukia ukuta, akalia, akaomba, akaongezewa miaka 15. Hakumtafuta mchawi katika jumba lake.

Kisha kuna jambo ambalo Mhubiri 5:3 inalisema kwa urahisi kabisa: ndoto huletwa na wingi wa shughuli. Wiki ile mtoto alikuwa na homa. Mama alikuwa pwani tangu maji yakitoka, na aliyekesha na mtoto usiku, ameketi kichwani pake kimya, ni bibi huyohuyo. Shuka lilikuwa lao, jeupe. Alichoota dada yetu ni kile alichokiona kwa macho kila aliporudi amechoka, kikachanganyika na hofu ambayo mama yeyote anayo. Mhubiri angeuliza swali moja tu angelijua hilo. Lakini jibu hilo halina sadaka.

Pemba ina sababu ya kuota kifo. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikija huku kutoka Unguja, na waliothibitishwa kufa walizidi 200. Majirani zetu wanasimulia kwamba baada ya msiba ule karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyesema aliona kabla. Hatuwabishii wafiwa. Ila meli ile ilizama kwa kujazwa kupita kiasi, na taarifa za siku zile zilieleza kwamba wako abiria waliokataa kupanda kwa sababu waliona kwa macho yao, wakiwa wameamka, jinsi ilivyojaa. Mungu amempa mtu macho pia.

Na jirani mmoja Mwislamu, aliposikia habari ya bibi, alituambia kwamba wao hufundishwa ndoto mbaya isisimuliwe. Mtu ajikinge kwa Mungu, ageuke ubavu, alale. Akatuuliza sisi tunafundishwaje. Tuliona aibu.

Tuliona aibu kwa sababu tunajua kwa nini dada yule hakuja kwetu. Mwaka uliotangulia alileta ndoto nyingine katika maombi, ya jino kung'oka, na mzee wetu mmoja akasema ni shibe ya usiku, watu wakacheka. Mhubiri wa redioni hakumcheka. Hapo ndipo alipotushinda. Basi tunapomlaumu yeye, na tunamlaumu, tujue kwamba mlango alioingilia tuliuacha wazi sisi wenyewe. Dada yule alihitaji mtu wa kukaa naye, kuomba naye, na kumpakata mtoto hadi hospitali ya Micheweni apimwe homa. Kazi hiyo haikuhitaji upako wa pekee.

Tumechanga nauli ya bibi, kwenda na kurudi, ili asione kwamba tunamlazimisha kukaa. Dada amemwandikia mwenyewe kwa mkono wake. Bibi amejibu kwamba amesamehe, lakini kuhusu kuja, atafikiri.