Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mara kwa mara viongozi wa jumuiya zetu huombwa barua ya utambulisho, na pengine mchango, kwa ajili ya kijana aliyeteuliwa kwenda Ulaya katika ziara ya kubadilishana wanafunzi. Siku hizi ziara nyingi za namna hiyo huhusu utunzaji wa mazingira. Twafurahi pamoja na wazazi hao. Hata hivyo hatuna budi kuuliza: ziara hizi zinamjenga nani?

Jiji letu lilifunga udugu na jiji la Hamburg mwaka 2010. Mwaka uliofuata Hamburg ilibeba heshima ya kuwa Mji Mkuu wa Kijani wa Ulaya. Bila shaka yapo mengi ya kujifunza huko. Lakini mlango wa udugu haukufunguliwa sawasawa. Mpango wa serikali ya Ujerumani uitwao weltwärts ulianza mwaka 2008 kuwatuma vijana wa Kijerumani kujitolea katika nchi kama yetu. Vijana wa nchi hizo walianza kupokelewa Ujerumani mwaka 2013. Hata leo kijana wa Kijerumani aweza kupata viza atuapo uwanja wa ndege, ilhali wa kwetu hupaswa kuiomba mapema, akiwa na barua ya mwenyeji, bima na uthibitisho wa fedha za kumtunza. Udugu wa jinsi hii bado una kaka mkubwa na mdogo.

Kuna jambo moja tungependa kijana wetu alione huko. Tangu mwaka 2003 mnunuzi wa kinywaji nchini Ujerumani huweka amana ya senti 25 za yuro kwa chupa nyingi za plastiki, naye hurudishiwa aipelekapo chupa dukani. Atawaona pia wazee wakipekua mapipa ya taka ili wapate chupa hizo na kuongeza fedha ya chakula. Hapo ataikumbuka Kariakoo, na mtu apitaye Mtaa wa Msimbazi na kiroba mgongoni akiokota chupa. Kazi ni ile ile. Tofauti ni kwamba kule thamani ya chupa inalindwa na sheria; huku chupa hupimwa kwa kilo, na mwenye mizani ndiye apangaye bei. Basi somo la mazingira limegeuka kuwa somo la haki.

Nao wageni wetu wasiishie fukweni na mbugani. Wapelekwe Kariakoo, kwenye soko lililobuniwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Wazione nguo za mitumba zitokazo kwao. Wateremke hadi Jangwani, ambako mafuriko ya Mto Msimbazi ya Desemba 2011 yaliua watu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Hatusemi kwamba sisi hatuna kosa: mitaro mingi tumeiziba wenyewe kwa taka. Lakini Mjerumani mmoja, kwa wastani, hutoa hewa ya ukaa zaidi ya mara 20 ya ile atoayo Mtanzania. Anayekaa bondeni hakuuwasha moto huu, ila moshi wake unamtoa machozi yeye. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa jumuiya, kabla ya kutia saini barua yoyote, waulize mambo matatu. Je, uteuzi ulikuwa wazi, hata mtoto wa muuza mboga asomaye shule ya kata akapata nafasi? Je, kwa kila kijana aendaye, yuko wa kule ajaye kuishi na kujifunza kwetu? Na je, arudipo, atasimama mbele ya jumuiya kueleza aliyoyaona, na waokota chupa wa mtaa wake wakiwa wamealikwa kusema, si kusikiliza tu?

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ziara ambayo mwenyeji hakupona kwayo, yaani chupa ikabaki na bei ile ile na mtaro ukabaki umeziba, ilikuwa matembezi tu. Tusiitolee mchango wa maskini.