Risiti Usiitupe, Mama


Tangu Benki Kuu iruhusu mawakala wa benki mwaka 2013, safari za kwenda Mpanda mjini kufuata fedha zimepungua. Ni neema. Lakini kompyuta hukata yenyewe, haiulizi mtu.

Jirani yangu hapa Kibaoni alikwenda kutoa fedha za sare za mtoto. Mashine ikatoa karatasi kwamba imeshindikana, kumbe akaunti imekwisha kukatwa. Karatasi kama hiyo wengi huitupa. Yeye aliitunza, yenye tarehe, saa na namba ya muamala. Benki ikaona kosa, ikamrudishia.

Mama, bandika kila risiti daftarini. Mwisho wa mwezi kaa na baba watoto, mhesabu pamoja.