Mwanafunzi wa Afya si Kuruti

Asubuhi ya Jumamosi nchini Burundi ni wakati wa ibikorwa rusangi, yaani kazi za pamoja za jamii. Hapa Gitega, kama ilivyo Muyinga na kwingineko, majembe hutoka majumbani, mitaro huzibuliwa, na barabara za vilima hutengenezwa. Askari na polisi nao hushika majembe pamoja na raia. Desturi hii ina mizizi mirefu. Wazee wetu waliita ikibiri ile kazi ya kulimiana mashamba kwa zamu, ambayo jirani aliifanya bila kungoja mshahara, akijua kwamba zamu yake nayo itafika.

Leo twapenda kuzungumzia jembe la namna nyingine, nalo ni elimu ya vijana wanaosomea afya na mazoezi ya viungo. Mji wetu, ambao tangu mwaka 2019 ni mji mkuu wa kisiasa wa nchi, una Shule ya Paramedikali inayofundisha wauguzi, na pia una Chuo Kikuu cha Polytechnique cha Gitega. Wako pia vijana wanaosoma katika Taasisi ya Elimu ya Viungo na Michezo ya Chuo Kikuu cha Burundi, kisha wakarejea vilimani kwao wakati wa likizo. Kijana wa namna hii akija kujitolea, nasi tukampa koleo peke yake, taifa litakuwa limepata koleo moja na kupoteza muuguzi mmoja.

Ni dhahiri kwamba vita dhidi ya maradhi haviwezi kupiganwa hospitalini tu. Mwezi Septemba mwaka 1978, mataifa yaliyokutana Alma-Ata yalitamka kwamba wananchi wana haki, na tena wana wajibu, wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya yao wenyewe. Burundi inayo misingi ya kazi hiyo. Wapo wahudumu wa afya ya jamii, ambao kwa Kirundi huitwa abaremeshakiyago, na wapo wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu wa Burundi ambao vikundi vyao viko hadi vilimani. Ulipotangazwa mlipuko wa kipindupindu mwezi Januari 2023, na ulipothibitishwa ugonjwa wa mpox mwezi Julai 2024, safu ya kwanza ya ulinzi ilikuwa kwa jirani anayejua dalili, anayenawa mikono, na anayemhimiza mwenzake awahi kituo cha afya. Sisi tunaolala kwa wingi katika bweni moja kambini tunaelewa upesi kuliko wengine maana ya ugonjwa unaoenea kwa kugusana.

Mwanafunzi aweza kufanya nini? Mengi, na mengine hayahitaji dawa wala mashine kubwa. Aweza kumwonyesha mama jinsi ya kumwokoa mtoto anayeharisha, endapo pakiti za maji ya chumvichumvi hazipo nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, na kwamba mtoto asiyeweza kunywa apelekwe kituoni bila kukawia. Aweza kufundisha namna ya kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa nguvu, hadi msaada ufike. Aweza kupima shinikizo la damu, kwa kuwa ugonjwa huo hukaa mwilini miaka mingi bila kuuma, na mtu hushtukia amepooza.

Mwanafunzi wa michezo naye ana kazi yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Mkulima anayepanda na kushuka vilima vyetu huenda ameyatimiza hayo kabla ya adhuhuri. Lakini karani, mfanyabiashara wa sokoni, dereva, na hata ofisa wetu anayeshinda mezani, hao wanahitaji kuelekezwa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo linalotuhusu sisi tuvaao sare. Tuna viwanja, tuna magari, tuna wakufunzi wa ukakamavu, na tuna nidhamu. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kazi hii nayo ni ya kupangwa mistari na kuamrishwa kwa filimbi. Sivyo. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Mwanafunzi aliyeletwa kwa amri atahesabu saa. Mwanafunzi aliyekuja kwa moyo wake atarudi wiki ijayo. Vivyo hivyo, mwananchi aliyekusanywa na mwenye bunduki ili apimwe damu atanyosha mkono, lakini hatasema ukweli juu ya kikohozi chake, wala mimba yake, wala kidonda anachokificha. Bila ukweli huo muuguzi hana la kutibu.

Yafaa, basi, askari atangulie kwa kusaidia na abaki nyuma kwa kusikiliza. Atoe kiwanja. Abebe meza na madumu ya maji. Afungue barabara. Polisi awaeleze watoto jinsi ya kuvuka njia na jinsi ya kumhudumia majeruhi wa pikipiki bila kumvuta ovyo shingo. Lakini pale mgonjwa anapozungumza na mwanafunzi, silaha na sare zikae mbali. Na mkufunzi wetu akumbuke kwamba mazoezi ya kuruti si mazoezi ya mama aliyejifungua juzi, wala ya mzee mwenye magoti mabovu. Katika uwanja huo, mwenye kujua ni mwanafunzi wa viungo, hata kama hana cheo begani.

Aidha, kujitolea kuna mipaka, na mipaka hiyo lazima ilindwe. Mwanafunzi si daktari. Asidunge sindano asiyoruhusiwa, asigawe dawa, wala asimwambie mtu kwamba amepona. Awe chini ya uangalizi wa mwalimu wake au muuguzi wa kituo. Tena, haifai kamwe kumpima mtu sokoni, kumwambia kwamba damu yake imepanda, kisha kufunga meza na kwenda zetu. Kupima bila kufuatilia ni kumpa mtu hofu na kumnyima njia. Kila aliyekutwa na kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi apewe karatasi ya kwenda kituo cha afya kilicho karibu naye ili apimwe tena, na mhudumu wa afya wa kilima chake ajulishwe kwa ridhaa yake. Endapo hakuna kituo kilichokubali kuwapokea, afadhali siku hiyo iahirishwe.

Kadhalika, kujitolea si kujigharimia. Kijana mwenye wazazi maskini hutembea mwendo mrefu na tumbo tupu. Tukimwacha anunue glavu, nauli na maji kwa fedha zake, baada ya mwezi mmoja watabaki watoto wa wenye nacho peke yao. Kiti kimoja katika lori la kambi linalokwenda njia hiyo hiyo hakiligharimu taifa kitu, ilhali kwa mwanafunzi ni msaada mkubwa.

Mwisho, ndugu askari na polisi, tuanze na nafsi zetu. Tumezoea kudhani kwamba anayekimbia alfajiri hawezi kuugua. Shinikizo la damu halisomi cheo. Siku wanafunzi watakapofika, kamanda awe wa kwanza kukunja mkono wa shati mbele ya binti wa mwaka wa pili mwenye kipimo, akae kimya, ajibu anayoulizwa. Raia wakiona hivyo wataelewa kuliko hotuba kumi.

Kaulimbiu ya taifa letu ni Umoja, Kazi, Maendeleo. Kazi ya Jumamosi imekwisha kutupatia barabara na madarasa. Sasa na iwape vijana wetu nafasi ya kulinda miili itakayopita katika barabara hizo. Wajibu wetu ni kuwafungulia mlango, kisha kusimama pembeni.