Picha Moja, Vicheko Viwili

Tuseme jioni moja mjini Kamembe mtoto wa koplo wa polisi anapokea katika simu ya mama yake picha ya mende aliyevishwa kofia, kabeba sanduku la safari, na chini yake pameandikwa: "Mgeni hana haraka ya kuondoka." Picha imetumwa na binamu yake aliyeko Nairobi, ambako kila mpangaji wa chumba kimoja anamjua mdudu huyo na tabia zake. Mtoto anacheka, kisha anamwonyesha bibi yake. Bibi anaitazama, hacheki. Anaipokea simu taratibu na kuilaza kifudifudi juu ya meza.

Mfano huu umetungwa, lakini hapana mkazi wa Rusizi atakayeuona mgeni. Bibi huyo alikuwa Cyangugu mwaka 1994. Neno "inyenzi", yaani mende, lilianza kutumika katika miaka ya 1960 juu ya wakimbizi waliorudi nchini wakiwa na silaha. Baadaye likatandazwa juu ya Watutsi wote, hata mtoto mchanga. Gazeti la Kangura, lililoanzishwa mwaka 1990, lilijaza kurasa zake vibonzo vya kudhihaki. Katika jalada la toleo lake namba 26, la Novemba 1991, liliuliza ni silaha gani itumike kuwashinda inyenzi moja kwa moja, na kando ya swali hilo ikachorwa panga. Redio RTLM ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1993, nayo ilipendwa kwanza kwa muziki na mzaha wake. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani mwanzilishi wa gazeti hilo na viongozi wawili wa redio hiyo. Kwa hiyo bibi alipoilaza simu kifudifudi hakuwa mtu asiyejua utani. Aliujua utani huo tangu ulipokuwa mdogo.

Swali la leo linahusu wale wanaotengeneza vyombo vya kuchunguza picha za namna hii. Wataalamu huziita mimu, neno lililobuniwa na Mwingereza Richard Dawkins mwaka 1976 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichoigwa. (Katika Kiswahili linakaribia mno "mimi", na pengine si vibaya, maana kila anayeituma picha huigeuza kidogo iwe yake.) Picha hizo hazihesabiki kwa macho. Mwaka 2018 kundi moja la watafiti lilichapisha uchunguzi wa picha zipatazo milioni 160 zilizokusanywa katika mitandao minne, Twitter, Reddit, 4chan na Gab. Kazi hiyo haifanyiki kwa daftari na kalamu; hapana budi mashine itumike.

Mashine hufanyaje? Huichukua picha, huifinya iwe ndogo sana, huiondolea rangi, kisha huigeuza kuwa mstari wa tarakimu unaoeleza mahali penye mwanga na mahali penye giza. Picha mbili zenye mistari inayokaribiana huwekwa katika fungu moja, hata kama moja imekatwa pembeni au imefifia kwa kutumwa mara nyingi. Ni njia ya werevu, na ina haraka. Lakini mashine hiyo inaona umbo tu. Mende wa Nairobi anayemcheka mwenye nyumba, na mende aliyetumwa kwa mtu fulani wa Kamembe ili aogope kulala kwake, wataingia fungu moja. Kinyume chake, dharau ileile ikiandikwa juu ya picha ya nyoka itakwenda fungu jingine kabisa. Watafiti wale wa mwaka 2018 waliyapa mafungu yao majina kwa kutazama kamusi ya picha iliyokusanywa na watu wenyewe katika intaneti, nayo imekusanywa zaidi na wasemao Kiingereza. Bibi wa Kamembe hamo katika kamusi hiyo.

Ndipo inapoonekana sababu ya kumweka mtafiti katika meza ya fundi tangu siku ya kwanza. Mara nyingi hali huwa vingine. Fundi hujenga chombo kwanza, kisha humwita mwalimu wa historia au mjuzi wa lugha aje akisifu. Wakati huo kuta zimesimama. Ataombwa achague rangi ya madirisha.

Nairobi ilitoa mfano wa kufuata. Baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007, ambazo zilitoa roho za watu zaidi ya 1,100, taasisi ya iHub Research pamoja na Ushahidi walianzisha mwaka 2012 mradi ulioitwa Umati, ili kufuatilia maneno ya hatari katika mtandao kabla ya uchaguzi wa Machi 2013. Hawakuanza na mashine. Walianza na vijana wanaojua Kikuyu, Kijaluo, Kikalenjin, Kiluhya, Kisomali, Kiswahili na Kiingereza, waliosoma ujumbe kila siku na kujaza fomu. Fomu hiyo ilifuata fikra za mwanasheria Susan Benesch, aliyechunguza maneno yaliyotangulia mauaji, yakiwamo ya Rwanda. Iliuliza nani amesema na ana ushawishi gani, wasikilizaji wana hofu gani, maneno yanahimiza kitendo gani, historia ya mahali ni ipi, na yamepitia njia gani. Kisha ujumbe uliwekwa katika daraja moja kati ya tatu, kutoka la kuudhi tu hadi la hatari hasa.

Msomaji aangalie jambo hilo vizuri. Kati ya maswali hayo matano, mashine ya kufinya picha haiwezi kujibu hata moja kwa kutazama mwanga na giza. Yote hujibiwa na mtu anayeishi na lugha. Ni baada ya kazi hiyo ya mikono ndipo wenye Umati walipotafuta namna ya kuifundisha mashine iwasaidie. Walijifunza pia unyenyekevu: maneno makali waliyoyakusanya mwaka 2013 yalikuwa mengi, na sehemu kubwa yalitoka Facebook, lakini vurugu za mwaka 2007 hazikurudi kwa kiasi kile. Kipimo cha maneno si utabiri wa mvua.

Huko Uholanzi, Chuo Kikuu cha Amsterdam kina chombo kiitwacho 4CAT, kazi ya Stijn Peeters na Sal Hagen, ambao wenyewe ni watafiti wa mambo ya mtandao. Kilitengenezwa ili mtu asiyejua kuandika programu aweze kukitumia, na kila hatua ya uchambuzi hubaki wazi apate kuikagua.

Rusizi ingehitaji nini zaidi? Kwanza lugha. Daraja la mto Rusizi huipeleka Kamembe Bukavu na kuirudisha kila siku, na Bugarama inakutana na Burundi na Kongo kwa pamoja. Utani wa huku huanza kwa Kiswahili, hukopa Kifaransa katikati, na humalizikia kwa Kinyarwanda au Kishi. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na Kinyarwanda na Kiswahili vimo katika hazina za AfriSenti ya mwaka 2023 na AfriHate ya mwaka 2025, zilizokusanywa na watafiti wa Kiafrika na wenzao. Hizo ni hazina za maandishi, na zimesaidia. Kicheko cha picha kinadai hazina nyingine.

Pili ni mlango wa nyumba. Picha nyingi hupita WhatsApp, katika makundi ya jamaa, ambamo ujumbe umefungwa asiusome mtu wa nje. Hilo ni jema na libaki hivyo. Familia ya askari ina sababu zaidi ya wengine: katika picha moja ya utani panaweza kuwa na sare, jina la kambi, au namba ya baba aliyeko kazini mbali. Chombo cha haki kingepokea picha ile tu ambayo mwenye simu ameituma kwa hiari, na kingefuta sura na namba kabla ya kuihifadhi. Fundi wa mbali huenda asilikumbuke hili. Mke wa koplo atalisema kabla hajakaa kitini.

Tatu, na hili ni zito, ni orodha inayotoka upande wa pili wa mashine. Sheria namba 59 ya mwaka 2018 inaadhibu itikadi ya mauaji ya kimbari, na ni sawa iadhibu. Lakini tuseme orodha imemfikia koplo yuleyule mezani kwake, na ndani yake fungu la mende, na ndani ya fungu hilo simu ya mke wake mwenyewe. Mashine haikudanganya, iliona mende. Na pengine katika orodha hiyo hamna yule aliyeandika sumu kwa picha ya nyoka. Koplo angependa kujua ni nani aliyekaa na fundi siku chombo kilipochorwa, na kama aliulizwa lolote.

Kama fomu mpya itaandikwa kwa ajili ya Rusizi, yafaa iwe na swali la sita, ambalo fomu ya Nairobi haikuwa nalo: nyumbani kwenu, picha hii ilipofika, ni nani hakucheka?